Sura ya Saba: Chombo Kilichopwelewa

Chombo kinachozama kilindini huondoka na habari zake, na watu wa pwani hubaki kukisimulia kwa dhana; lakini chombo kinachotupwa ufuoni hulala mbele ya macho ya kila mtu, ubavu juu, usukani umeng'oka, na kabla mwenyewe hajamaliza kuihesabu hasara yake huwa amekwisha kuzungukwa na washauri, kila mmoja na rai yake, na rai iliyo na wafuasi wengi kuliko zote, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni kwamba watu washike kamba wavute. Katika sura hii nakusudia kueleza kwa nini rai hiyo huvunja mashua nyingi kuliko yavunjavyo mawimbi, na ni kwa tadbiri gani mashua ndogo ya uvuvi, ambayo kwa tajiri wake ndiyo shamba na ndiyo duka, hurudishwa majini ikiwa nzima, au angalau ikiwa na maradhi yanayotibika.

Mifano yangu nitaitoa pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu na Paje mpaka Jambiani, si kwa kuwa mashua hazipwelewi Lamu wala Bagamoyo wala Mafia, bali kwa sababu hapo mas-ala yenyewe hudhihirika wazi zaidi. Mbele ya vijiji hivi mwamba umesimama baharini ukiyavunja mawimbi makubwa, na baina ya mwamba na ufuo pana uwanda mpana wa mchanga mweupe ambao maji yakipwa huachwa wazi kwa masafa marefu, hata watu wakaenda kwa miguu mbali sana na nyumba zao, na maji yakijaa hugeuka kuwa bahari tulivu ambamo ngalawa, madau na mashua hulala kwa nanga mbele ya milango ya wenyewe. Kila siku vyombo hivyo hukaa mchangani na kuelea tena, bila ya mtu kuona ajabu wala kuita msaada. Kupwelewa, basi, si msiba hata kidogo. Msiba ni kupwelewa mahali ambapo maji ya kesho hayafiki.

Na njia ya kufikishwa mahali hapo, ingawa sababu zake ni nyingi, aghalabu ni hii. Pepo za kusi, ambazo hushika kuanzia Aprili au Mei na kuvuma kwa nguvu Juni na Julai, huipiga pwani hii kutoka baharini. Na usiku bamvua linapojaa, maji hupanda juu ya mwamba kiasi cha kuyapitisha mawimbi ambayo siku nyingine huvunjikia nje. Mashua huanza kurukaruka kwenye nanga yake, kamba ikisuguana na jiwe la matumbawe uzi baada ya uzi, mpaka inakatika, na mashua huchukuliwa ubavuubavu hata ikafikishwa juu kabisa, penye mstari wa mwani mkavu na makuti, karibu na mashina ya minazi. Hapo ndipo mwenyewe huikuta alfajiri, na maji yamekwisha kurudi yalikotoka.

Mtu akifika hapo, swali lake la kwanza lisiwe ni watu wangapi wanaopatikana, bali leo ni mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika 50 hivi, kwa hiyo maji yaliyojaa leo alasiri yatajaa kesho kwa kuchelewa takriban dakika hizo. Lakini kimo cha maji hayo hakilingani siku zote. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua lenyewe, ambalo katika bandari ya Unguja hupandisha na kushusha maji kwa kadiri ya mita 4. Na mwezi unapokuwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, na hapo huja maji mafu, ambayo tofauti ya kujaa na kupwa kwake yaweza isizidi sana mita 1. Tena bamvua lina saa zake: Unguja hujaa kwenye saa kumi, za alasiri na za alfajiri, na hupwa kwenye saa nne, hivyo hata mtu asiyekuwa na saa mkononi hujua kwamba maji ya kuokolea chombo yatafika karibu na sala ya alasiri. Jambo hilo lina faida ambayo hakuna aliyeipanga, maana watu wa kuvuta hupatikana papo hapo wakitoka msikitini.

Haya yote mvuvi huyajua, wala hahitaji kitabu kumfundisha. Analolisahau katika fadhaa ya asubuhi ile ni hesabu inayotokana nayo. Tuseme ufuo unainuka mita 1 kwa kila mita 20 za kwenda juu, na mashua imetupwa pale maji yalipofikia usiku wa bamvua. Ikiwa maji ya leo yatapungukiwa na yale kwa sentimita 10 tu, ambazo ni upana wa kiganja, ukingo wa maji utakoma mita 2 chini ya pale ulipokoma jana. Na yakipungukiwa kwa sentimita 30, mashua itakuwa mbali na ukingo huo kwa mita 6, na katika siku chache zaidi bahari itakuwa kule na mashua itakuwa huku, na baina yao mchanga mkavu ambao hakuna idadi ya vijana itakayoufuta kwa kelele.

Ndiyo maana chombo kilichotupwa mwezi 12 na chombo kilichotupwa mwezi 18, hata vikiwa vimelala mahali pamoja na vina uzito mmoja, havifanyiwi dawa moja. Cha kwanza kimepanda wakati maji yanaelekea kukua. Mwenyewe akikitia gadi kisianguke, akakizuia kisitupwe juu zaidi, bahari yenyewe itakuja kumchukulia baada ya siku tatu nne, na kazi ya watu itakuwa kukiongoza tu. Cha pili kimepanda wakati maji yamekwisha kupinda. Hicho ama kiondolewe katika maji ya siku ile ile, kabla ukingo haujakimbia, ama kiandaliwe kungoja bamvua la pili, ambalo ni karibu wiki mbili mbele. Na liko jambo la tatu, zito kuliko hayo. Bamvua kubwa kuliko yote ya mwaka huja karibu na Machi na Septemba, majira ambayo usiku na mchana hulingana. Na chombo kilichotupwa juu na bamvua la namna hiyo kwenye kilele chake hakina bamvua la karibu litakalokifikia tena, na mwenye kukaa akingoja atangoja nusu mwaka. Hapo hapana hila illa kuchimba na kuburura, na bora mtu alijue hilo siku ya kwanza kuliko kulijua siku ya kumi na tano.

Naongeza hapa neno dogo nje ya njia. Watu wa pwani waliishi, na wengine wangali wanaishi, kwa hesabu mbili kwa pamoja: mwezi wa kuandama kwa ajili ya maji, na mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365 uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, kwa ajili ya pepo na mvua. Wageni wengi wameona hesabu ya pili kuwa ni mabaki ya mila tu, yenye kufaa kwa ngoma za Makunduchi. Nami naona waliifikiria kwa juujuu, kwa sababu mwaka wa mwezi una upungufu wa siku kumi na moja hivi, na mwenye kuutegemea peke yake kupanga misimu ya kusi na kaskazi angepotea katika miaka michache. Mvuvi aliyekaa na mashua yake mchangani huhitaji zote mbili: moja impe siku ya maji, na nyingine imwambie kama siku hiyo upepo utakuwa na huruma.

Sasa turudi ufuoni. Watu wakiwa salama, kazi ya kwanza ni kuipunguzia mashua uzito, na hapo kila kitu hutoka: nyavu, madema, mashine na tangi lake la petroli, tanga, foromali, kisha mlingoti wenyewe, maana mlingoti uliosimama katika chombo kilicholala ubavu hukilemea upande ule ule kilikoelekea. Farumi, yaani mawe na mifuko ya mchanga iliyomo ngamani, hutupwa mbali. Nami nimeona watu wakiivuta mashua tangu asubuhi mpaka adhuhuri ilhali farumi yote imo ndani, kwa kuwa imefunikwa na maji machafu na hakuna aliyepitisha mkono chini. Mashine iliyozama katika maji ya chumvi inataka hima kuliko ubao wowote: isiachwe juani ikauke, kwa maana kutu huianza pale hewa inapokutana na chumvi, itiwe katika pipa la maji matamu, ikae humo mpaka fundi awe tayari kuifungua, kuiondoa maji na kuipiga mafuta.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo huwashangaza wengi, nalo ni kwamba mara nyingine namna ya kuiokoa mashua ni kuijaza maji. Mashua iliyo nusu inaelea na nusu imekaa, ilhali mawimbi yanaingia, huinuliwa na kila wimbi kiasi cha shibiri, kisha huachiliwa, na uzito wake wote huanguka juu ya mkuku. Wimbi linalofuata hurudia, na linalofuata hurudia, mpaka misumari inalegea, mataruma yanapasuka na mbao za chini zinaachana. Si mchanga uuvunjao mkuku, ni kule kuinuliwa na kuangushwa. Basi, ikiwa maji ya kuiondoa hayatoshi na upepo hautulii, nahodha mwenye moyo huingia ndani, huung'oa nguruzi, na huyaacha maji yaingie kwa hiari yake. Kila mita ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya tani moja. Zikiingia mbili tatu, mashua huzama mahali pake, hukaa kimya, na wimbi huipita juu bila ya kuitikisa. Anayetazama kutoka ufuoni hudhani kuwa mtu yule amerukwa na akili. Maji yakipwa, tundu lile lile la nguruzi huyatoa bila ya mtu kushika upo, kisha hutiwa nguruzi mpya iliyofungwa kitambaa chenye mafuta. Ila hila hii haifai kabisa juu ya jiwe, kwa sababu jiwe hutoboa chombo kizito upesi kuliko chepesi. Ni ya mchanga tu.

Ikithibiti kwamba mashua itangoja, adui si bahari tena, bali jua. Mbao zilizozoea maji hukauka, hujikunyata, na mianya iliyokuwa imezibwa na pamba hufunguka hata mtu aliye ndani akaona mchanga wa nje. Na chombo kilichopwelewa kikiwa hakina tundu hata moja huweza kuzama siku kinayoshuliwa, kwa uvujaji wa kiu tu. Kwa hiyo hufunikwa makuti mabichi au magunia, na humwagiwa maji ya bahari asubuhi na jioni, ndani na nje. Wala si vibaya kuacha maji ya kiasi cha kifundo cha mguu ngamani, maadamu gadi zimekazwa sawasawa pande zote mbili. Gadi zenyewe hutaka macho. Ziwe za mti mgumu, boriti za mkoko mathalan, na chini ya kila moja kuwe na ubao mpana, kwani mchanga ulioonekana mgumu mchana wa maji makavu huyeyuka maji yanapojaa chini yake, na gadi iliyozama upande mmoja huiangusha mashua upande huo usiku, wakati hakuna mtu.

Katika siku hizo za kungoja ndipo tundu huzibwa. Fundi hatafuti uzuri, hutafuta maji yasiingie kwa saa chache tu za kutoka ufuoni mpaka mahali pa kutengenezea: kipande cha turubali kilichopakwa shahamu au lami huwekwa juu ya tundu, juu yake hupigwa bati au ubao mwembamba, na misumari hupangwa karibu karibu kandokando, yote kwa upande wa nje, ili maji yenyewe yakikisukuma kiraka yakigandamize badala ya kukibandua. Pakiwa na mpasuko mrefu ambao kiraka hakiuwezi, hupitishwa tanga kuukuu chini ya mkuku na kukazwa juu kwa kamba pande mbili, likaivika mashua tumbo zima. Na ikiwa hata hivyo uzito umezidi, mapipa matupu ya lita 200, yaliyozibwa barabara na kufungwa chini chini ubavuni wakati maji yamepwa, huinua kila moja takriban kilo 180 yakishazama, bila ya kula wala kulalamika. Sharti yafungwe sawa kwa sawa, kulia na kushoto. Pipa moja likichomoka, la upande wa pili huipindua mashua.

Nilisema mwanzo kwamba kuvuta ndiyo rai mbaya kuliko zote. Sikusema kwamba hapavutwi. Huvutwa mwisho, baada ya mchanga kushughulikiwa. Mashua iliyolala siku kadhaa huwa imejichimbia, na mchanga mbichi umeishika kwa chini kama kinywa kinavyoshika embe, kwa sababu hapana njia ya maji wala hewa kuingia mahali itakapotoka. Huchimbwa kwanza pande zote mbili za mkuku, kisha mbele yake, mfereji ulionyooka kuelekea baharini, wenye upana wa kumpitisha mtu kila ubavu. Na maji ya kwanza yanayojaa yakishaingia katika mfereji huo, watu hupanga mabega kulia na kushoto wakaiyumbisha, ubavu huu ukiinuka na ule ukishuka, mpaka isikike sauti ya mfyonzo ikiachia. Mwenye kuvuta kabla ya sauti hiyo havuti mashua, huvuta ufuo wa Unguja.

Kamba nayo ina adabu yake. Haifungwi mlingotini, wala kwenye gubeti, wala penye mtwana, sehemu ambazo ziliundwa kubeba tanga na watu, si kubeba uzito wa chombo kizima kilichonasa. Huzungushwa chombo chote kwa chini, ikapita nyuma ya tezi na kukutanishwa mbele ya omo, ili nguvu igawanyike juu ya mbao zote. Kamba ya usumba hukatika kwa kutoa taarifa, uzi mmoja mmoja. Ya nailoni hurefuka kimya, kisha ikikatika hurudi kwa kasi ya kumvunja mtu mguu, kwa hiyo hasimami mtu yeyote kwenye mstari wake, na watoto, ambao siku hiyo huwa wengi kuliko siku ya Idi, hufukuzwa mpaka juu kwenye minazi. Kadhalika hasimami mtu baina ya mashua na ufuo mkavu, maana wimbi moja tu la ghafla huitosha kuisukuma na kumlaza mtu chini ya ubavu.

Lakini uwanda wa Jambiani na Paje una neema ambayo pwani zenye vilindi hazina. Mahali pengine nanga ya kuvutia hupelekwa baharini kwa mtumbwi na kuachwa huko kwa kubahatisha. Hapa, maji yakipwa, mtu hutembea nayo kwa miguu mpaka pale anapotaka, huchimba shimo, huizika, na huirudisha amari mpaka kwenye mashua mchana kweupe. Asiyekuwa na nanga ya kutosha huzika gogo la mnazi kwa ubapa, kimo cha kiuno, kamba imefungwa katikati yake, na gogo hilo halitoki. Kisha ndani ya mashua hufungwa makapi mawili, na watu wachache hukaa humo wakiikaza kamba, wanangoja. Maji yanaingia. Wimbi linainua mashua kwa kitambo cha kupepesa jicho, kamba inalegea shibiri moja, nao wanaichukua shibiri hiyo na kuizuia isirudi. Wimbi jingine, shibiri nyingine. Nilimtazama mzee mmoja akisimamia kazi hiyo Bwejuu, mkono mmoja juu ya kamba iliyokazwa na kisigino amekikita mchangani kando ya mkuku, na vijana waliokuwa majini wakimwambia kuwa maji yamekwisha jaa, yeye akijibu kila mara neno moja tu, "Bado". Mpaka mchanga chini ya kisigino chake ulipogeuka uji, akainua mkono, na papo hapo ikapigwa Halambee! na mashua ikaondoka kama dhiraa kumi kwa mvuto mmoja.

Subira yake haikuwa ya tabia tu, ilikuwa ya hesabu. Ukikigawa kimo chote cha maji mafungu 12, maji hupanda fungu 1 saa ya kwanza, 2 saa ya pili, 3 ya tatu, 3 ya nne, 2 ya tano, na 1 saa ya mwisho. Bamvua la mita 4 hupanda katika saa hiyo ya mwisho kama sentimita 33, kidogo ukilinganisha na mita nzima ya saa ya tatu. Lakini ndizo sentimita zinazobaki baina ya mashua inayogusa na mashua inayoelea, na waliomaliza nguvu zao saa mbili kabla hawana kitu cha kuzipokea zikifika. Fursa yote ni nusu saa kabla ya maji kusimama na nusu saa baadaye, hapana zaidi.

Pakiwa hapana maji kabisa, chombo kimetupwa juu mno, hutandikwa mbao na juu yake miti ya mviringo, na mashua hutembezwa juu ya miti hiyo, ile inayobaki nyuma ikichukuliwa mbio na kuwekwa mbele. Penye migomba, vigogo vyake vibichi ni bora kuliko mafuta, kwa utelezi wa maji yake. Juu ya jambo hili sina mengi ya kusema, kwa kuwa kila kijiji cha pwani hushua vyombo namna hiyo tangu zamani na hakihitaji wasia wangu.

Ninalotaka kulisema ni kuhusu njia ambayo kamba ile ya nanga itapita. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kilipoingia Paje na Jambiani, uwanda ambao zamani ulikuwa wa wote na si wa yeyote umejaa vigingi na kamba, na wenye vigingi hivyo, walio wengi, ni wanawake. Mashua iliyoburutwa katikati ya shamba la mwani huokoa mali ya mtu mmoja kwa kuangamiza mali ya wengine, nami nimepata kusikia ugomvi wa namna hiyo ukifika kwa sheha, tajiri wa chombo akisema kwamba dharura huhalalisha, na mama mmoja akimjibu kuwa dharura ya usiku wa dhoruba anaikubali, lakini siku kumi za kungoja bamvua, ambazo mtu alikuwa na nafasi ya kubisha hodi, haziitwi dharura. Kwa rai yangu mama yule alishinda kabla ya sheha kusema lolote. Kamba ipindishwe, au vigingi ving'olewe kwa ridhaa na kurudishwa, na gharama yake iingie katika gharama za uokozi.

Na gharama hizo hulipwa na nani, na kwa kiasi gani? Mila ya vijijini haina ujira kwa mwenye kumvutia jirani chombo. Ina wali, ina samaki, ina kahawa, na ina deni lisiloandikwa, kwamba leo kwangu na kesho kwako. Sheria za bahari za dunia zinasema jingine: mkataba wa kimataifa wa uokozi uliofanywa London mwaka 1989 unampa muokoaji haki ya malipo ikiwa kazi yake imezaa matunda, wala hapana malipo kwa juhudi isiyofaa, na malipo hayazidi thamani ya mali iliyookolewa, na mtu aliyeokolewa nafsi yake hadaiwi kitu. Fauka ya hayo, chombo kilichookotwa bila ya mwenyewe si halali ya aliyekiona. Sheria ya meli ya Uingereza ya mwaka 1894 ilimweka mtu wa serikali wa kupokea habari za mabaki ya vyombo, na utaratibu huo umeendelea katika sheria za meli za Tanzania ya mwaka 2003 na Kenya ya mwaka 2009. Kwa hiyo mwenye kuikuta mashua ngeni ufuoni, akaanza kung'oa mashine na mbao kwa hoja kwamba bahari imempa, anajitia katika wizi, hata kama kijiji kizima kimemsaidia. Mahali ambapo mila na sheria hugombana kweli ni pale mashua yenye kushika moto au kujaa maji inapookolewa na wavuvi wa kijiji kingine walioacha nyavu zao baharini siku nzima. Hao wakipewa wali tu wamedhulumiwa, nami sioni aibu yoyote kwa wazee wa pande mbili kukaa na kukadiria fungu la haki, kabla ya ngalawa kuondoka na moyo mzito.

Mashua ikishaelea, furaha huwafanya watu waipeleke baharini jioni ile ile. Yafaa ifungwe kwanza penye maji ya kifua, ikae humo kutwa na kucha, mbao zivimbe zirudi mahali pake, na mtu aende kila saa na taa kuangalia maji yanaingilia wapi, kwani tundu huonekana kwa ndani vizuri kuliko kwa nje. Kisha hupandishwa tena, safari hii kwa hiari, mahali pa kivuli: misumari iliyolegea hutolewa na mingine kupigwa karibu nayo, si ndani ya tundu lile lile, taruma lililopasuka haliungwi, hubadilishwa, mianya husukumwa pamba iliyorowekwa mafuta, kalafati ya kweli badala ya ile ya haraka, tumbo la chombo hupitishwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, na mwisho hupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Gharama ya mbao na fundi hutolewa katika fungu la chombo, kabla ya mabaharia kugawiwa mafungu yao. Lakini kamba ya nanga, katika mashua nyingi nilizoziona, huungwa fundo pale ilipokatikia na kurudishwa kazini, ilhali pima mbili za mnyororo, zikifungwa baina ya nanga na kamba pale kamba inapolala juu ya matumbawe, zingalitosha.